Jinsi ya kumfundisha binti anaesugua benchi afunge kama Karina Maruyama

Oktoba 12, 2022 kule Goa, India, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya mabinti, walikula nne bila kutoka kwa Japan kwenye Kombe la Dunia la U17, yaani la walio chini ya miaka 17. Wengi mnakumbuka zaidi kilichofuata, tukampiga Mfaransa 2-1, tukatoka sare 1-1 na Canada, tukatinga robo fainali, Colombia akatutoa kwa tatu. Sawa, furaha ilikuwepo na tulistahili. Ila mi ile ya Japan ndo iliniuma nikairudia mara kadhaa, maana wale mabinti hawakutuzidi kifua wala urefu, walituzidi kujua saa ya kukimbia. Nikaanza kuchimba nyuma, hawa watu wamejifunzia wapi, nikafika mpaka 2011 kwa mdada mmoja anaitwa Karina Maruyama, straika, sasa hivi amestaafu na ukifungua tivii ya kwao unamkuta kwenye vipindi vya kuchekesha. Toka hapo ndo ninamtumia kama somo kwa mabinti zangu na leo nataka niwape namna ninavyofanya.

Hii ni kwa makocha wenzangu wa timu za mtaani na mashuleni, wale wenye mipira mitatu na mmoja unavuja upepo, na pia kwa binti yeyote anaesoma hapa ambae kila Jumamosi anavaa jezi halafu anakaa.

Kwanza mjue mtu mwenyewe, usiende kufundisha kitu cha mtu usiemjua. Maruyama kazaliwa Machi 26, 1983, Tokyo. Timu ya taifa ya wanawake ya Japan, wanaiita Nadeshiko, kaichezea mechi 79 akafunga magoli 14. Sasa hapo ndo watu wanakosea, wanaona 14 wanasema aah straika gani huyo, wanamuweka pembeni wanaenda kwa Homare Sawa, kiungo wa timu hiyo hiyo. Sawa ni Sawa, hana mjadala, Kombe la Dunia 2011 alibeba mfungaji bora na mchezaji bora wa mashindano kwa pamoja. Lakini ukiwa na binti anaeanza kikosi cha kwanza kila mechi mpe somo la Sawa, ukiwa na binti wa benchi mpe Maruyama, kwa sababu goli lake kubwa kuliko yote alilifunga akitokea benchi. Kombe la Dunia 2003 yumo, Olimpiki ya Athens 2004 yumo, Beijing 2008 yumo, 2011 akabeba Kombe la Dunia, London 2012 medali ya fedha. Miaka karibu kumi kocha wa taifa anabadilika na wewe bado unaitwa, huo sio ubahatishaji.

Na goli lake moja tu ndo lililomfanya ajulikane dunia nzima. Julai 9, 2011, Wolfsburg, robo fainali, Japan na Ujerumani. Mjerumani ndo mwenyeji, ndo bingwa wa 2003 na 2007, na mara ya mwisho kufungwa kwenye Kombe la Dunia ilikuwa 1999. Uwanja umejaa, watu zaidi ya elfu 26. Japan wenyewe mechi iliyopita wametoka kupigwa 2-0 na Uingereza. Dakika 90 zikaisha bila bila, dakika ya 108 Sawa akapenyeza mpira nyuma ya mabeki, Maruyama akaukimbilia upande wa kulia, beki anamfukuza kwa nyuma, pembe imebana kweli, akapiga kwa mguu wa kulia mpira ukamkatiza kipa Nadine Angerer ukaingia upande wa mbali. Moja bila. Mjerumani nje kwake mwenyewe, na kwa kutolewa pale akakosa hata tiketi ya Olimpiki ya 2012.

Sasa jinsi ya kuliangalia hilo goli. Usiwaonyeshe mabinti klipu ya sekunde ishirini halafu ukasema mmeona eeh. Hawajaona kitu, wameona mpira unaingia. Mi nawaonyesha mara tatu. Mara ya kwanza nawaambia mtu yeyote asiangalie mpira, muangalieni jezi namba 18 tu. Mara ya pili muangalieni beki aliekuwa karibu yake, ageuke saa ngapi. Mara ya tatu muangalieni Sawa. Simu moja wanazunguka watoto nane, kelele, lakini inawezekana. Ukitafuta video andika jina kwa herufi zao, 丸山桂里奈, unakopi hapa unabandika, utapata vitu vingi ambavyo kwa herufi zetu havitokei.

Halafu waambie hili, na ndo moyo wa somo lote kwangu. Watu wanasema Maruyama aliingia akafunga. Hapana bana. Maruyama aliingia mwanzoni mwa kipindi cha pili, akampokea Yuki Nagasato, na goli ni dakika ya 108. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya saa nzima yupo uwanjani anakimbia mbio ambazo pasi haiji, anarudi, anakimbia tena, pasi haiji, au inakuja fupi. Saa nzima. Ile mbio iliyozaa goli ilikuja baada ya nyingine nyingi ambazo hakuna mtu anazikumbuka. Binti wa benchi akiingia dakika ya 60 akakimbia mara mbili hajapewa, ya tatu anasimama kiuno ameshika anamlaumu kiungo. Hapo ndo amekufa.

Haya, zoezi. Unahitaji kipa, beki mmoja, kiungo mmoja, straika na chupa nne za maji, koni kama unazo shauri yako.

Kiungo msimamishe katikati, kama hatua 40 kutoka golini. Beki na straika wasimame kama hatua 25. Chupa mbili ziweke kulia, pale boksi linapoanza, ziachane hatua tatu, hicho ndo kigeti cha kupita straika. Chupa ya tatu iwe ndani ya goli upande wa mbali, hatua moja kutoka kwenye mwamba. Ya nne ntakwambia.

Straika asisimame mbele ya beki wala nyuma kabisa, asimame begani kwake, upande ambao beki akiangalia mpira hamuoni yeye na akimuangalia yeye hauoni mpira. Hili lifanye taratibu, kabla hata hujaleta mpira. Mwambie beki angalia mpira, muulize unamuona mwenzio? Akisema simuoni, hapo hapo, straika kariri hapo mahali. Mabinti wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kuna sehemu ya uwanja ambayo haionekani, wakigundua wanacheka kama wameonyeshwa mazingaombwe.

Kisha saa ya kuondoka. Kosa la kwanza kwa kila mtoto ni kuondoka mapema, anakamatwa ofsaidi halafu anamlaumu mshika kibendera (kwetu mara nyingi ni mjomba wa mtu ameshika tawi la mwarobaini). Ofsaidi inaangaliwa pale mpira unapoguswa kupigwa, sio unapofika, kwahiyo alama yetu ni kichwa cha kiungo. Kiungo anapokuwa anautuliza mpira kichwa kipo chini, akishauweka sawa ananyanyua kichwa, kikinyanyuka tu straika anaondoka. Asiondoke moja kwa moja kwenda golini, hatua mbili za kwanza aende pembeni, sambamba na mstari wa mabeki, ndo akunje kuingia kwenye kigeti. Hizo hatua mbili za pembeni ndo zinamlinda na kibendera, na zinamfanya beki ageuke mara mbili badala ya moja, na beki akigeuka mara mbili amechelewa.

Kiungo nae ana somo lake, usimsahau. Pasi haiendi kwa mtu, inaenda sehemu. Kati ya beki na kipa kuna uwanja mtupu, hapo ndo panapotupwa. Kwenye nyasi nzuri za Ujerumani unaweza kupiga vyovyote, kwenye viwanja vyetu vya vumbi mpira wa chini kwa chini unagonga jiwe unarudi kwa beki, kwahiyo mfundishe aunyanyue kidogo, upite juu ya mguu wa beki udunde mara moja au mbili. Msikazanie nguvu.

Kumalizia. Akipita kigeti anaangalia mara moja tu kipa yuko wapi, na kawaida kwenye pembe iliyobana kipa anaziba upande wa karibu, kisha macho yanarudi kwenye mpira na hayanyanyuki tena mpaka amepiga. Anapiga chini, kuelekea chupa ya mbali. Kwa nini mbali? Kwanza kipa ameshauacha huo upande, pili hata akiugusa unarudi katikati kwa mwenzako, tatu hata usipolenga vizuri unaweza ukageuka krosi. Ukipiga upande wa karibu ukakosa ni mpira wa kipa kupiga, basi. Kwenye zoezi hili mi goli la upande wa karibu silihesabu kabisa, hata liwe zuri namna gani, wanalalamika wee lakini ndo sheria.

Beki mwanzo atembee tu. Wakishaelewa akimbie nusu. Wiki ya tatu mwachie kabisa afanye kazi yake, amkate kihalali. Kila straika mbio sita halafu apumzike, usiwapange foleni ya watu kumi mmoja anakimbia tisa wanapiga stori, wala usimkimbize mmoja mara ishirini mfululizo maana ya kumi na tano hiyo sio mbio tena ni matembezi.

Na sasa nikwambie nilivyoharibu mwenyewe. Mwezi mzima hili zoezi nilikuwa nalifanya mwanzo wa mazoezi, watoto wakiwa wabichi, na kila mtu anafunga mi najiona kocha mkubwa. Tukaenda kwenye ndondo moja, dakika ya themanini na kitu bila bila, kiungo wangu akapenyeza mpira ule ule, binti akaondoka vizuri, akapita vizuri, kafika mguu umekuwa mzito kama amefungwa tofali, kaubutua juu mpaka kwenye mwembe. Kosa ni langu sio lake. Goli la Maruyama ni la dakika ya 108, mimi nafundisha la dakika ya tano. Toka siku hiyo zoezi linafanyika mwishoni kabisa, baada ya mechi ya mazoezi, jua linazama na watu wanataka kwenda kwao. Chupa ya nne ndo kazi yake hapo, naiweka kwenye mstari wa katikati, straika akishapiga, afunge asifunge, anaizunguka mbio ndogo ndogo ndo anarudi kwenye nafasi. Mwanzo watafunga mbili kati ya sita. Usiogope, hizo mbili ndo za kweli.

Benchi sasa. Mchezaji wa akiba kwetu anakaa, anakula miwa, dakika ya 70 kocha anageuka anasema we ingia, anatafuta kiatu. Haiwezi kuwa. Waliopo benchi nawapa kazi, kila mmoja achague beki mmoja wa wapinzani na amuangalie huyo tu. Anageuka kwa upande upi taratibu? Ana kadi ya njano? Akipigiwa mpira wa juu anarudi nyuma au anatoka? Kipa wao anasimama mbali na mstari au amejifungia golini? Kabla sijamuingiza namuuliza, akinijibu anaingia, asiponijibu anakaa namuingiza mwingine, mara ya pili hawarudii. Na kupiga jaramba kuanze mapema, mapumziko yakifika wa akiba wote wako uwanjani wanapasha, hamna kukaa kivulini na wenzao. Kumbuka Maruyama aliingia kipindi cha pili kinapoanza, maana yake alishakuwa tayari wakati wenzake wanakunywa maji.

Magoti. Hili nalisema kwa mkazo. Baada ya Kombe la Dunia, mwaka huo huo wa 2011, Maruyama aliumia goti vibaya, na bado akarudi akawemo kwenye kikosi cha London 2012. Amerudi kwa sababu ana madaktari na timu ya taifa nyuma yake. Binti yako wa mtaani akikata ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi ndo mwisho wa mpira, na mabinti wanaumia hiyo ligamenti zaidi ya wavulana, hilo limeshathibitishwa. Zoezi hili lina kukunja mbio na kusimama ghafla, kwahiyo usilianze bila kupasha vizuri. Ipo programu ya FIFA 11+, kama dakika 20 hivi, haihitaji kifaa chochote, ina mbio, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja na kuimarisha paja la nyuma. Angalia wanavyotua wakiruka, magoti yasigongane kwa ndani, yaende sawa na vidole vya mguu. Ukiona yanaingia ndani mrudishe aruke taratibu, hata kama mechi ni kesho.

Kuna kitu kingine nawaambiaga mabinti, sio cha mbinu. Maruyama alipokuwa TEPCO Mareeze, timu ya shirika la umeme, alikuwa mwajiriwa. Yaani sio mshahara wa kupiga mpira tu, alikuwa na kazi ya ofisini, na ofisi yenyewe ilikuwa kwenye kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Ndio, kile kile. Beki Aya Sameshima nae alifanya kazi huko huko na timu ile ile. Tsunami ilivyopiga Machi 11, 2011 Maruyama alishahama, lakini ni watu aliofanya nao kazi, ni barabara alizopita kila siku. Timu ikasimamishwa, na J-Village, kituo cha mazoezi walichokuwa wanatumia, kikageuzwa kambi ya wafanyakazi wanaopambana na kile kinu. Miezi minne baadae kabla ya mechi ya Ujerumani kocha Norio Sasaki akawaonyesha wachezaji picha za waathirika wa tsunami. Mi binafsi sishauri kocha yeyote aige hilo la picha, kuna watoto ukiwaliza kabla ya mechi hawachezi tena. Ila la kazi ya ofisini nawaambia sana, kwa sababu nina binti anauza vitumbua asubuhi, nina mwingine anashona, na walikuwa wanaamini straika wa Kombe la Dunia ni mtu anaeamka anakula anapiga mpira analala. Nilivyowaambia bingwa wa dunia alikuwa anaenda ofisini kama afisa wa serikali ya mtaa, mmoja akauliza, sasa alikuwa anafanya mazoezi saa ngapi? Nikamjibu baada ya kazi, kama wewe, ila hakuwa anachelewa kama wewe.

La mwisho ni la kutolewa. Fainali ya Julai 17 kule Frankfurt, Japan na Marekani, Maruyama akaingia tena akitokea benchi, dakika ya 66. Wakafungwa wakasawazisha, dakika za nyongeza wakafungwa tena, Sawa akasawazisha dakika ya 117. Na muda mfupi baada ya hapo, penati zinanukia, Sasaki akamtoa Maruyama akamuingiza Mana Iwabuchi. Sabu anatolewa. Shujaa wa robo fainali, ameingia, ametoka, penati zinapigwa yeye yuko nje ya mstari, Saki Kumagai anafunga ya mwisho, 3-1, Japan bingwa.

Kwahiyo kabla hujamuingiza binti mwambie mapema, naweza kukutoa tena. Msemee hivyo hivyo, ukiwa umemshika bega, wakati anafunga kamba za viatu. Mimi wa kwangu mwanzo walinuna, mmoja alitupa jezi chini nikamwambia aiokote aikung'ute vumbi, tukaendelea. Sasa hivi nikimtoa anatoka mbio, anampa mwenzie mkono, halafu anaenda moja kwa moja kwa yule aliebaki benchi anamwambia beki namba tatu anageukia kushoto.